Kichwa Chini, Macho Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini niliinamisha kichwa, na nusura kazi iishie hapo. Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, kwenye uwanja wa gofu ambao ukungu wa mlima Loleza uliufunika kila asubuhi. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimemaliza darasa la nne, na nilichukuliwa kwa majaribio kuwa kedi, yaani mbeba fimbo za mchezaji.

Bwana Misitu, ofisa wa misitu niliyepewa kumbebea, alikuwa akijifunza Kiswahili na alipenda kujisemesha ili azoee. Alisimama juu ya mpira akasema, "Kichwa chini. Usitikisike." Nilidhani ananiambia mimi. Kwetu Usafwani kijana hamkazii macho mkubwa, kwa hiyo amri hiyo haikunishangaza. Niliinama nikatazama vidole vya miguu yangu kwenye umande. Nikasikia fimbo ikivuma, kisha kimya, kisha yeye akauliza, "Mpira iko wapi?"

Sikujua. Tulitafuta nyasini mpaka ukungu ukainuka, hatukuuona.

Nyapara wa makedi, mzee Msangu kutoka Ubaruku, aliniita pembeni.

"Ulikuwa unasali?"

"Hapana, baba. Aliniambia kichwa chini."

"Alikuwa anajiambia mwenyewe. Yeye kichwa chini, wewe macho mbele. Ukipoteza mwingine, ukapande lori la migodini."

"Huko kutamfaa," kedi mmoja akadakia. "Chini kule atainamisha kichwa mpaka achoke."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Kaka yangu alikuwa amepanda lori hilo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya nchi za kusini, na hakuna aliyetuletea habari zake tena. Mama alikuwa amebaki na mimi tu. Nikikosa kazi pale, njia yangu ilikuwa ileile ya kaka.

Nyapara alinifundisha kutazama. Ujana wake aliumaliza akiwinga ndege kwenye mpunga, na alisema anayegeuzageuza kichwa haoni kitu. Kichwa kitulie, macho ndiyo yaende. Mpira ukipotelea kwenye weupe wa ukungu, usiukimbize. Kumbuka mti ambao mpira ulikuwa unauelekea, kisha sikiliza. Ukiangukia majani unatoa sauti kama ya tunda bovu. Ukiangukia brauni, yaani ule mchanga uliochanganywa na oili kuzunguka shimo, husikii kitu kabisa. Mpaka leo nikifumba macho nauona uwanja ule mweupe, na sisi tumesimama ndani yake kama watu waliosahauliwa na asubuhi.

Nyinyi mnaojifunza sasa, mjue kwamba mchezaji naye ana utulivu wake. Miguu ikanyage imara, magoti yalegee kidogo. Mabega yazunguke na kiuno kifuate, kama mlango kwenye bawaba: mlango unakwenda, bawaba haitoki mahali pake. Bawaba hiyo ni shingo na uti wa mgongo. Kichwa kibaki palepale mpaka bega la kulia lipite chini ya kidevu. Kikiinuka mapema, mwili mzima unainuka nacho, na fimbo inaukwangua mpira kwa juu.

Bwana Misitu aliyajua hayo yote, na bado kila mara kichwa chake kiliinuka. Alijikemea, akabadilisha fimbo, akabadilisha viatu. Asubuhi moja, baada ya mpira kutambaa kama panya, nilimwona amekasirika kweli, na kwa hofu ya kufukuzwa nikasema neno ambalo sikuwa nimelipanga.

"Bwana, unaangalia nini?"

Akanigeukia. "Mimi angalia mpira, kwa sababu nyinyi hapana angalia."

Nikamwambia, "Usiuangalie leo. Nitauona mimi."

"Na kama wewe hapana ona?"

"Nitaondoka mwenyewe, bwana."

Akasimama tena juu ya mpira. Mabega yalizunguka, fimbo ikashuka, na kichwa kikabaki kimeinama, kinatazama nyasi tupu pale mpira ulipokuwa. Mpira ulipanda ukaingia kwenye ukungu. Nikaushika mti wa mwisho kwa macho, nikazuia pumzi. Nikasikia tunda bovu.

"Nimeuona, bwana."

Ndipo alipoinua kichwa, polepole, kama mtu anayeamshwa. Tulitembea, nikamwonyesha mpira kwa kidole. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama mpira wowote. Jioni hiyo alimwambia nyapara nisipewe mchezaji mwingine ila yeye.

Bwana Misitu alipohamishiwa Iringa aliniomba niende naye, nikamchukua mama. Kule hakuna ukungu mwingi. Kuna mawe makubwa na upepo unaousukuma mpira pembeni, nikajifunza upya. Baadaye niliwafundisha makedi, kisha wachezaji, mpaka macho yangu yalipoanza kuchoka nikastaafu.

Wajukuu huniuliza hiyo ilikuwa kazi gani, kuangalia mpira wa mtu mwingine. Mimi humkumbuka mama. Lori la migodini lilipita Iringa pia, na mara nyingi tulilisikia jioni likipanda mlima. Mama alikuwa akiacha kusonga ugali akasikiliza. Kisha alinitazama nimekaa pale jikoni, akaendelea kusonga.