Ukingo Ndio Unaokata

Baba mkubwa alikataa kunibariki. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kuendelea na kemia, nimeshaaga shule niliyofundisha Kakuma, na kwetu mtu hafungi safari ndefu kabla mkubwa wa ukoo hajampaka majani yaliyotoka tumboni mwa mbuzi. Bila baraka zake nisingeondoka. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa pale Lorugum, mama amefika kutoka Lodwar na sukari na majani ya chai, na mzee amenuna.

Alikuwa amesikia kwamba naenda kusomea fuwele, vijiwe vinavyometa kama chembe za chumvi. Huku kwetu anayeinamia mawe anatafuta dhahabu, basi akaamua naacha ualimu nikachimbe. Alisema yeye habariki tamaa.

Mimi nami hasira zangu ziko karibu, lakini asiyejua hafukuzwi, hufundishwa. Nikamwambia fuwele zangu ni nyembamba kuliko utando wa maziwa, na hazinunui hata kiberiti. Alikuwa akikata nyama kwa kile kisu cha duara kinachovaliwa mkononi, ala yake ya ngozi imelala pajani. Nikakionyesha. Chuma ni kile kile, nikasema, ila bapa halikati. Ukingo ndio unaokata. Fuwele zangu nazo katikati zimelala tu, bali kingoni hushika vitu vingine na kuvigeuza. Nikachana pakiti ya majani ya chai, nikamkatia pembetatu na duara za ukubwa mmoja, nikapitisha uzi pembeni mwa kila moja. Uzi wa pembetatu ulikuwa mrefu zaidi, maana ukingo wake ni mwingi kuliko wa duara. Umbo likibadilika, kazi nayo inabadilika.

Alitafuna kwa muda mrefu. Nilitamani kumnyang'anya ile nyama.

"Na kinachoharibika kwanza ni nini?" akauliza.

"Ni ukingo huo huo, baba."

Akacheka, hatimaye, na mama akashusha pumzi.

Tulipokusanyika alinipaka yale majani ya mbuzi kifuani na kwenye paji la uso. Majani yalikuwa bado na joto, yakinuka malisho, nami nilikuwa na furaha ambayo hakuna cheti kilichowahi kunipa.

"Mungu akupe makali," akasema. "Na huko uendako, akupe na ala."

Wote wakaitikia. Mimi niliitikia nikilia na kucheka. Akakivisha kisu chake ngozi, akaniambia nikae nile.