Siku Kosta Nzima Ilipokuja Kumzika Tarishi

Aibu hii ninayo hadi leo, na wanaonijua pale sokoni Tunduma huanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana wengi wao walikuwepo, na wasiokuwepo wamesimuliwa hadi wamekuwa kama walikuwepo. Basi acheni niseme mwenyewe, jinsi nilivyowatoa akina mama karibu thelathini kwenye shughuli zao, wamevaa sare, wanaimba nyimbo za maombolezo, kwenda Mbozi kumzika mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tarishi. Marehemu mama alimpata kwa ndugu zake Ikinga, kule Ileje, akaja naye akiwa mdogo ndani ya kikapu, kalala juu ya maharage, mwaka uleule niliojifungua Tumaini, mtoto wangu wa kwanza. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza naanza biashara ya mabeseni na ndoo mpakani, nalala chumba kimoja na mzigo, kwa hiyo mtoto nikamwacha kwa wazazi, akakua na Tarishi wakila sahani moja (mama alikataza, baba akajifanya haoni). Asubuhi mbwa anamsindikiza shule mpaka mtoni, mchana anakwenda kumsubiri palepale, na ikinyesha anasubiri huku analowana, akirudi nyumbani ananuka hadi wageni wanaaga mapema.

Jina alilipata kwa kazi. Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa ng'ambo ya bonde, na mama akitaka kumpelekea chumvi, ile ya Ivuna ya mabonge, anaifunga kwenye kitambaa, kitambaa anakifunga shingoni mwa mbwa, anamwambia nenda kwa wifi, naye anakwenda. Inasemekana siku moja alirudi na mayai mawili na hakuna lililovunjika, ingawa hiyo ya mayai mimi sikuiona, nawapa kama nilivyopewa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda kula kahawa mbivu. Msimu wa kuchuma analala chini ya mashine ya kumenya anasubiri zinazodondoka, kisha siku mbili nzima hana usingizi, anazunguka nyumba akibwekea vitu ambavyo hakuna mwingine aliyeviona.

Mama alipofariki walibaki wawili, baba na Tarishi, wakazeeka pamoja. Nikipiga simu naambiwa kwanza habari za mbwa, amekula, hajala, mguu wa nyuma unamsumbua, ndipo baba akumbuke kuniuliza mimi na watoto wangu.

Sasa kuna kikundi. Sisi akina mama wa sokoni tuna kikundi chetu cha kufarijiana, mwenyekiti ni Mama Sekela muuza mchele, ambaye sauti yake huvuka foleni yote ya malori hadi Wazambia wa upande wa pili wanamwita bamayo, yaani mama, bila kumjua. Mimi nilikuwa katibu. Na kanuni yetu kubwa niliiandika mimi kwa mkono wangu, baada ya mwenzetu mmoja kufiwa na mtoto wa mumewe, watu wakaanza kumhoji eti wa damu au si wa damu, maskini akalia mara mbili. Nilisimama kikaoni nikasema hilo lisitokee tena, nikaandika: mwanachama akifiwa hatuulizi ni nani, tunaulizana tunakutana wapi. Nilipigiwa makofi siku ile, na mjue kwamba niliyafurahia.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nafungua geti niende dukani, baba akapiga.

"Mama," akasema (ananiita hivyo tangu utotoni), "Tarishi hakuamka."

Nikamsikia anahema. Huyu ni mzee ambaye mama alipofariki alisimama wima siku tatu akipokea watu na kuuliza kama wamekula. Sasa sauti ilikuwa inamkatika.

"Nimemfunika gunia," akasema. "Nikusubiri, au nimzike mwenyewe?"

Nani angemjibu baba yake azike mwenyewe? Nikamwambia nakuja. Shida ni kwamba siku hiyohiyo tulikuwa na wageni kutoka Chitete, kikundi cha akina mama kilichoanza juzijuzi, waliokuja kujifunza tunavyoendesha mambo yetu, na wa kuwaeleza ni katibu. Kukosa kikao bila sababu ni faini ya debe la maharage, na sababu zinazokubalika ni mbili, ugonjwa na msiba. Nikashika simu nikaandika kwenye kundi, "Wapendwa, mbwa wetu wa nyumbani amekufa." Nikaisoma. Nikajiona mtu mzima wa miaka arobaini, mke wa mtu, katibu wa watu, naomba ruhusa kwa ajili ya mbwa, na huku kwetu mbwa akifa anafungwa kamba mguuni anaburutwa korongoni, yameisha. Nikafuta. Nikaandika, "Wapendwa, nimepata msiba nyumbani Mbozi, naenda kuzika leo. Mnisamehe kwa wageni."

Hakuna neno la uongo hapo, nilijiambia. Halafu nikazima simu ili nisiulizwe ni nani (nimesahau kabisa ni nani aliyeandika kwamba watu wasiulize).

Nilifika kabla ya saa tano. Baba alikuwa ameshachagua mahali, katikati ya mistari ya kahawa, jirani na mashine ya kumenya, walipolala Popi na Sita, mbwa wa enzi zangu nikiwa msichana. Popi nilimlilia wiki nzima, aligongwa na trekta. Sita tulimzika mimi na mama, mama akaimba ubeti mmoja kisha akanikataza nisimwambie mtu. Kila mti pale chini ulikuwa na jina nililoupa utotoni, na nilipokuwa natembea kumfuata baba nilihisi kama narudi kuwa mdogo. Nikataka kumpokea jembe, akakataa, akasema nimsafishe tu Tarishi. Basi nikakaa barazani na mbwa mapajani, nimemviringisha blanketi la zamani la mama, namtoa mbegu za majani kwenye manyoya ya masikio, nalia taratibu bila mtu wa kuniona, na niwaambie ukweli, nilikuwa na amani.

Hapo nikasikia wimbo. Unatoka barabarani, ule wa kupokezana, wa msiba kabisa, na mimi mjinga nikasema moyoni, masikini, leo na wengine wamefiwa. Wimbo ukakaribia. Nikatambua sauti inayoongoza.

Basi dogo la Kosta lilijitokeza kwenye kona, matawi yamefungwa mbele, juu masufuria yetu yale makubwa, kuni, unga, mkungu wa ndizi; njia ya kwetu walikuwa wameisoma kwenye daftari la wanachama, nililoliandika mimi mwenyewe. Akina mama wameshuka nyuma yake wanatembea kwa miguu kwa heshima, sare ileile ya kitenge cha bluu, vibwebwe viunoni. Na katikati yao wale wageni wa Chitete, kila mmoja na daftari, kumbe Mama Sekela amewaambia kwamba badala ya kuelezwa, waje waone kwa vitendo.

Mtu mwenye akili angesimama pale barazani akasema samahani ndugu zangu. Mimi niliingia ndani na mbwa. Nikamlaza kwenye kitanda cha wageni, nikamfunika blanketi hadi kichwani, nikafunga mlango, nikatoka nikakutana nao uso kwa uso, machozi bado yako mashavuni, na kabla sijasema neno nikajikuta ndani ya mikono ya Mama Sekela.

"Lia tu, Mama Tumaini," ananiambia. "Usiseme kitu. Hatuulizi."

Nikajaribu. "Mama Sekela, naomba nikuambie..."

"Kanuni yako mwenyewe," akasema, ananipapasa mgongo. "Marehemu yuko wapi tumwombee?"

Yupo mmoja alikuwa ameshafungua mlango wa chumba. Wakaona blanketi, na chini yake umbo dogo. Nikasikia mtu ananong'ona, "Mungu wangu, ni mtoto," na hapo nyumba ikapasuka kwa kilio, hadi wale wa Chitete ambao hawanijui wakaweka madaftari chini wakalia. Mama Sekela akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka mkono juu ya blanketi, akaanza sala, na nyie hamjui sala za Mama Sekela, anaanzia uumbaji. Akamshukuru Mungu kwa maisha mafupi ya malaika huyu. Mimi nimesimama mlangoni, nawaza jambo moja tu: siku nikifiwa kweli, nani atanifuata? Watu hawa hawatapanda tena gari kwa ajili yangu. Nitazika peke yangu.

Wakati huohuo shangazi, ng'ambo ya bonde, amesikia vilio vinatoka kwa kaka yake. Akaja mbio, kanga ya kichwani imemwanguka njiani, anajibwaga uani, "Mayo, kaka yangu, umeniacha na nani." Wanawake wakatazamana. Mtoto, au kaka?

Ndipo kaka mwenyewe akatokea kwenye kahawa, jembe begani, udongo hadi viwikoni. Shangazi alipomwona akanyamaza ghafla, akainuka, akampiga kofi la begani kwa hasira ya kumkuta mzima. Baba hata hakumjali. Alikuwa anatazama Kosta, matawi, masufuria, sare, wanawake wote wale wenye macho mekundu. Akaingia ndani taratibu, wakampisha, akafika kitandani.

"Kumbe mmemlaza kitandani," akasema, na akafunua blanketi.

Mkono wa Mama Sekela ulikuwa bado juu ya mbavu za mbwa. Mmoja wa Chitete akatoa sauti kama ya mtu aliyekabwa na ugali, akakimbilia nje. Mama Sekela aligeuza shingo akanitazama, na nikaona jina langu, ukatibu wangu, miaka yangu yote pale sokoni vinaondoka.

Lakini baba akavua kofia.

"Akina mama," akasema, na sauti ikamkatika kama asubuhi, "binti yangu hakuniambia kama mnakuja. Nilijua nitamzika kimyakimya, maana watu hucheka. Huyu ni marehemu mke wangu aliyeniachia. Alikuwa anazijua hatua za mke wangu. Tangu mama aondoke, ni huyu tu niliyekuwa nikimkumbuka pamoja naye." Akafuta macho kwa mkono wenye udongo, akabaki na alama. "Sikujua mjini kuna watu wa namna hii. Ahsanteni sana."

Kisha baba yangu, aliyesimama wima siku tatu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia mbele za watu.

Mama Sekela alimtazama. Akanitazama tena mimi (jicho lile nitakwenda nalo kaburini). Akapumua kwa nguvu, akashika mkono wa baba kwa mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, mzee wetu. Ndiyo, tumekuja."

Na wakamzika. Wakaimba. Shangazi naye, hasira zimemwisha, akatoa kwenye fundo la kanga bonge la chumvi akaliweka kaburini, akasema sasa ni zamu yake kupelekewa, halafu akalia kweli. Baba akawaonyesha Popi yuko wapi, Sita yuko wapi, akawasimulia mayai mawili, na wale wa Chitete wakaandika (sijui waliandika nini, na sitaki kujua). Unga ukapikwa, tukala hadi jioni, baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Ninayo sura yake ya siku ile hadi leo, na ndiyo maana aibu hii siichukii sawasawa na inavyostahili.

Hukumu yangu ilitolewa nyuma ya Kosta. "Mama Tumaini," Mama Sekela akasema, sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "nimemwombea mbwa afike paradiso." Madebe matatu ya maharage, ukatibu nikavuliwa, na kanuni ikabadilishwa kikao kilichofuata: mwanachama akifiwa, tunauliza ni nani, na kama ni mtu kweli. Wageni wa Chitete, nasikia, wameianza hiyo mpya moja kwa moja. Sokoni nikapewa pole mwezi mzima, mtu ananunua ndoo, anainama, "pole na msiba," anaondoka anacheka. Nimejiapiza, mnyama wangu mwingine akifa nitaandika mbwa, nitaandika paka, nitaandika kuku, na nisipopewa ruhusa nitalipa maharage yao.

Baba hatukumwambia kwamba walikuja bila kujua ni mbwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwambia.

Mwaka uliofuata, kahawa ikiwa inaanza kuwiva, shangazi alinipigia asubuhi, na safari hii ambaye hakuamka ni baba. Nilikaa chini dukani katikati ya mabeseni. Nilijua kanuni ilivyo sasa, na nilijua wanavyonicheka, nikapiga simu huku nimeshapanga maneno ya kujieleza, jina lake kamili, umri wake, nilikuwa tayari hata kutafuta mtu wa kunithibitishia.

"Mama Sekela," nikasema, "nimefiwa. Ni..."

"Mama Tumaini," akanikatiza, na nyuma yake nikasikia tayari anafunga gunia la mchele. "Tunakutana wapi?"