Darasa la Maswali

Mwalimu Kageha alipopewa darasa la sita katika shule moja ya Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, wanafunzi walitetemeka kabla hajafungua mlango. Mwalimu aliyemtangulia alimchapa kila aliyekosea. Kageha alikitupa kiboko. Alijua nani hukamua ng'ombe kabla ya kuja shule, nani amelala njaa. Aliyeuliza swali zuri alipigiwa makofi. Polepole watoro wakarudi, na kwenye somo la hesabu wakawa wanagombania ubao.

Walipoingia darasa la saba naye, mwaka wa 1988, ukaja uchaguzi wa mlolongo. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, mchana kweupe.

"Mwalimu," akauliza Jepkosgei, msichana ambaye zamani hakuwa akifungua mdomo, "mimi nilihesabu pale uwanjani. Laini ndefu ndiyo ilishindwa. Hiyo ni hesabu gani?"

Kageha alitazama dirishani kwanza. "Ulihesabu vizuri," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi.

Jioni mwalimu mkuu, Mzee Kipyego, alimwita kando. "Madam, watoto wanaongea nyumbani, na siku hizi kila nyumba iko na masikio. Waambie wanyamaze kidogo, mpaka hii maneno ipoe."

Hakuwaambia.

Wiki iliyofuata mwanamume mwenye koti la kijivu aliingia darasani, akaketi dawati la nyuma bila salamu. Akarudi tena, na tena. Mikono iliyoinuliwa ikapungua. Siku moja alisimama katikati ya somo.

"Nani aliuliza habari ya mlolongo?"

Jepkosgei akaanza kuinuka.

"Kaa chini!" Sauti hiyo hawakuwahi kuisikia kwa Kageha. Akamgeukia yule mtu. "Ni mimi."

Kageha akapakiwa kwenye Landrova ya polisi. Mamake Jepkosgei, Priscah, alipompelekea chakula kituoni, aliambiwa hakuna mtu kama huyo.

Kageha alirudi wakati wa kuvuna mahindi, amekonda, kazi hana. Darasani kiboko kilikuwa kimerudi. Jepkosgei akamfuata chumbani alikopanga, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ni kwa sababu yangu?"

"Hapana, mwanangu. Mmefika wapi kwa hesabu?"

Akamvuta ndani, akafunga mlango, kisha dirisha. Msichana alikuja hivyo mpaka mtihani wa darasa la nane, na siku zote walisoma kwa kunong'ona.