Benki ya Kome ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, watu walimwita Bwana Pete. Si kwa ajili ya ndoa. Ndoa alibahatika tu, dada yangu angeweza kupata mwanamume mrefu. Ni kwa ile pete ya chuma aliyopewa na kamati ya ufuo apimie kome, wale wa maganda wanaochimbwa mchangani. Kome akipenya kwenye pete, huyo bado mtoto, anarudishwa baharini akue. Asiyepenya, halali yako, kapike.

Sasa mpe mtu mfupi madaraka uone. Maji yakipwa, akina mama wanarudi na ndoo kutoka kwenye fungu la mchanga, yeye keshakaa mezani, kifua mbele. Hakumwachia mtu. Hata mama yangu mzazi, mkwe wake kabisa, alimmwagia ndoo hadharani.

"Mama, hawa wachanga umewaokota kwa bahati mbaya, au macho yamechoka?"

Watu wakacheka. Mama akajipangusa mikono. Na mimi nilicheka, maana kwa kucheka sina mpinzani ufuo mzima.

Wale wadogo aliwamimina kwenye kidimbwi nyuma ya meza. "Nawawekea benki," alisema. "Siku ya kuifungua mtanibeba mabegani." Funguni kwenyewe, walikotakiwa kurudishwa, ni mbali, unakwenda na tope la magoti, na shemeji hapendi kuchafua miguu.

Siku ikafika. Akina mama waliotoka funguni wakasimama na ndoo zao wamtazame. Akalichoma jembe kidimbwini kwa mbwembwe. Likaibuka tope jeusi, linanuka yai viza. Akachimba pembeni: maganda matupu.

"Wameshuka chini hawa," akasema, anachimba haraka haraka. "Kome mjanja."

Hakucheka mtu. Mimi mwenyewe utani ulinikauka mdomoni.

Mama mmoja, mchuuzi, akasema taratibu, "Kumbe tulikuwa tunawarudisha wafe. Si bora tungewala?"

Wenzake wakaguna kukubali. Nikaona hatari hapo: neno hilo likishika, kesho hakuna anayepimisha ndoo, na mwakani hakuna kome.

Shemeji alisimama, tope mpaka viwikoni, hana pa kuuweka uso. Akamgeukia mama yangu, kichwa chini.

"Mama, sheria haina kosa. Niliwarundika hapa kwa uvivu, wakakosa hewa. Ni mimi."

Nikatamani mama amtukane yaishe. Yeye akaweka ndoo yake mezani.

"Nimesikia, baba. Pima."

Akapima bila kuinua macho. Wadogo wakajaa nusu ndoo. Akakunja suruali, akawabeba, akaingia topeni kuelekea funguni, ufuo mzima ukimtazama mgongo. Nikamkimbilia nishike naye mkono wa ndoo.

"Rudi, shemeji," akasema. "Wewe ulicheka tu. Mimi ndiye niliyemwaga."

Nikabaki palepale, tope kwenye vifundo. Mbele sitakiwi, na nyuma yuko mama niliyemcheka.