Watoto Kumi na Wawili Wasio na Safu Kwenye Fomu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Paskazia Chibago amesimama mbele ya darasa la nne katika Shule ya Msingi Igunguli, daftari la mahudhurio mkononi, anaita majina.

"Amosi Nathanaeli."

"Yuko Kiteto!" darasa zima linajibu.

"Nimemwita Amosi. Sikuwaita ninyi."

"Yuko Kiteto na ng'ombe, mwalimu!"

Anaweka alama kwa penseli na kuita jina linalofuata. Naye yuko Kiteto. Anayefuata pia. Kufikia jina la tano watoto wanacheka kabla hajamaliza kulitamka, na Paskazia, ambaye hana sababu ya kucheka, anawaacha tu.

Orodha ina majina thelathini na moja. Darasani wamo watoto kumi na tisa. Kando ya ukuta wa nyuma vimepangwa vigoda kumi na viwili vya mti, kila kimoja kimechomwa jina la mtoto kwa chuma cha moto.

Igunguli haina madawati ya kutosha, hivyo kila mzazi huchonga kigoda cha mwanawe. Kiangazi kinapokausha malisho, familia za wafugaji huondoka na mifugo kuelekea kaskazini, huko Kiteto, na kigoda hubaki shuleni. Hakuna mkutano uliowahi kupitisha utaratibu huo. Kila mtu kijijini anauelewa: kigoda kikiwapo, mwenyewe atarudi.

Paskazia, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni Afisa Elimu wa Kata ya Msinghwa. Anasimamia shule nne zenye wanafunzi 1,104 na walimu ishirini na mmoja, na huzizungukia kwa pikipiki ambayo breki yake ya mbele imeacha kufanya kazi tangu Pasaka. Kwa hesabu yake mwenyewe, watoto watatu kati ya kila kumi katika kata hiyo wanatoka katika kaya zinazohama kila mwaka.

"Nilisoma takwimu za elimu mwaka mzima pale chuoni Chimwaga," anasema. "Nilifundishwa kukokotoa kila kitu. Hakuna aliyenifundisha kumweka kwenye fomu mtoto aliyehama bila kuhama."

Kinachomkera leo ni barua ya halmashauri ya wilaya iliyoletwa Jumatatu. Inasema kwamba shule ambayo chini ya nusu ya wanafunzi wa darasa la nne walifaulu mtihani wa majaribio wa Julai itanyang'anywa madarasa ya juu. Watoto watahamishiwa shule jirani, kilomita tisa kutoka Igunguli, ng'ambo ya korongo ambalo wakati wa masika halivukiki kwa wiki nzima.

Watoto kumi na watano wa Igunguli walifaulu mtihani huo. Ukiwagawa kwa kumi na tisa walioufanya, ni asilimia sabini na tisa, matokeo bora kuliko shule nyingine zote za kata. Fomu iliyoambatana na barua, hata hivyo, inawagawa kwa thelathini na moja walioandikishwa. Ni asilimia arobaini na nane.

Dawa ingeonekana rahisi: futa majina kumi na mawili. Lakini ofisini mwalimu mkuu, Zaidi Masudi, anasukuma barua mezani na kuonyesha aya ya pili. Darasa lenye wanafunzi chini ya ishirini na watano nalo litaunganishwa na shule jirani.

"Nikiwaacha, tumefeli," anasema. "Nikiwafuta, hatutoshi. Niambie, Madamu, mimi nifanye lipi?"

"Usiniulize mimi, Zaidi. Nimewauliza wao."

Aliwauliza kweli watu wa halmashauri, kwa simu, akiwa amepanda juu ya jiwe nyuma ya ofisi ambako mtandao hushika. Anakumbuka jibu neno kwa neno: "Dada Paskazia, tunakuelewa sana, ila mfumo hauna safu hiyo."

"Wananielewa sana," anarudia, huku akifunga daftari kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Saa nne anaingia Nathanaeli Ndahani, baba wa Amosi, aliyerudi kwa siku mbili kuchukua mtama wa chakula. Anavua kofia mlangoni, anasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, baba. Kwa nini hukuchukua barua ya uhamisho?"

"Nimehamia wapi? Nyumba yangu si ile pale?"

"Na mtoto anasoma huko aliko?"

"Anasoma. Mwalimu wa kule mtu mwema, anamkalisha nyuma na daftari lake. Ila kwenye kuita majina, hamwiti."

"Ungechukua barua, angeitwa."

"Ningechukua barua, ningebeba na kigoda. Kigoda kikitoka hapa, mama, watu watasema Nathanaeli kaondoka moja kwa moja. Nikirudi mvua za kwanza, nitakuta shamba langu linalimwa na mtu mwingine."

"Ungewaacha ng'ombe wachungwe na wakubwa," Zaidi anadakia.

"Mwalimu, wewe Mrangi wa milimani, ng'ombe utawajulia wapi? Wewe uza vitunguu."

Zaidi, aliyezoea utani huo, anacheka peke yake. Paskazia hacheki, anaandika. Kwa swali moja baada ya jingine, anapata kutoka kwa Nathanaeli mahali walipo watoto wote kumi na wawili: tisa wanasoma katika shule moja ya Kiteto bila kuandikishwa, watatu wanachunga tu. Huku wamehesabiwa kuwa wameshindwa mtihani ambao hawakuufanya. Kule hawahesabiwi kabisa.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Paskazia ameamua kutojaza kisanduku chochote kati ya viwili alivyopewa, cha kuwaacha wala cha kuwafuta. Kesho, Alhamisi, ataendesha pikipiki kilomita mia moja na kumi hadi kwa mwalimu yule mwema, akiwa na karatasi tisa za mtihani wa Julai. Atawasimamia watoto wale tisa wanapoufanya, atausahihisha papo hapo, na kumwomba mwalimu mkuu wa kule agonge muhuri. Wanne tu wakifaulu, hata hesabu ya thelathini na moja itavuka asilimia sitini.

"Huenda wakaikataa," Zaidi anamwambia. "Watasema si utaratibu."

"Watasema. Na mimi nitaandika chini yake kwamba waje Februari, watoto wakiwa wamerudi, wote waliosaini barua hii. Wasilete kompyuta. Wasimame pale mbele waite majina wao wenyewe."

Anafungua mkoba, anahesabu karatasi za mtihani, anaongeza tatu.

"Hao wachungaji watatu," anamgeukia Nathanaeli, "utanipeleka hadi malishoni?"

Nathanaeli anavaa kofia. "Ni mbali, mama. Tukitoka saa kumi na moja alfajiri, tutawakuta kabla hawajasogea."