Kabla Hujapigilia Msumari

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile alasiri niliyotoka nyumbani kwangu Chumbageni nimejifunga kibwebwe, nakwenda kumsuta mama mkwe wangu kwa jirani. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, la kufungulia na la kufungia, maana mwanamke wa pwani haendi kusuta hivi hivi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimeziona kwenye simu picha za nyumba yako mpya ya Makorora. Umeipamba, nami nakupa mkono. Picha za ukoo umezichapisha kubwa, makawa ya ukindu ya kufunikia chakula umeyatundika ukutani, mito umeidarizi mwenyewe. Usimsikilize anayekwambia ununue maua ya plastiki. Nyumba iliyopambwa kwa mikono ya wenyewe na nyuso za wenyewe ndiyo nyumba, nyingine ni duka. Ila nina neno moja nawe, na kulifikia lazima nikurudishe nyuma.

Nilipoolewa nilikuwa fundi wa kufuma. Kila kiti kilikuwa na kitambaa chake, hata redio ilivaa. Na picha ndiyo usiseme. Marehemu baba yangu alikuwa kwenye fremu kubwa katikati ya ukuta wa sebule, kulia kwake mimi na joho la mahafali, kushoto mimi na keki ya harusi, chini mimi na mume wangu Salimu tumekaa studio mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili, na hakuna ukuta uliosalimika, hata chumba cha wageni nilikipigilia. Mtu akisifu, namjibu, usione vyaelea, vimeundwa. Nilijipenda, sikufichi.

Kisha akaja mama yake Salimu kutoka Pemba kuishi nasi. Alikuwa amefiwa na mumewe na ndiyo kwanza ametoka eda. Mama mpole, maneno yake machache, mikono yake haitulii, muda wote anasuka ukili wa mikeka. Aliizunguka nyumba yangu kwa macho, akasema, "Mashaallah, mwanangu, una mikono." Nikavimba kichwa.

Hazikupita siku nyingi nikaona jambo. Mchana mama anajitanda mtandio anatoka, alasiri anatoka, jua likizama anatoka tena, na usiku hivyo hivyo. Anakwenda kwa Bi Rehema, jirani wa mlango wa pili, anakaa kidogo, anarudi kimya. Alfajiri sijui, nilikuwa nimelala. Nikimuuliza, ananijibu yuko hapo tu kwa mwenzake. Saa zenyewe zingenifundisha kama ningekuwa na akili, lakini nilidhani sala zake anaswali chumbani akifunga mlango, na huko nje anapeleka maneno. Wali wangu umeungua, anapeleka. Nimechelewa kuamka, anapeleka. Siku Bi Rehema aliponitazama akatikisa kichwa, nikasema basi, ushahidi nimeupata.

Kesho yake asubuhi, kwenye chai, nikamwambia Salimu: mama yako arudi Pemba, ama mimi nirudi kwetu Pangani. Maskini Salimu akakiweka kikombe chini. Mama ni mama na mke ni mke, aegemee wapi? Akasema ataulizia nafasi kwenye boti. Mjane wa watu, mwanawe ndiye tegemeo lake, nami namtoa. Na nilijiona nina haki.

Alasiri ile nikaingia kwa Bi Rehema bila hodi. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kuta tupu, nyeupe, na chini kwenye mkeka alikuwapo mama mkwe wangu, amesujudu. Bi Rehema akanishika mkono, akanitoa uani.

"Waja kwangu na kibwebwe, watafuta nini?"

"Nimekuja kuyachukua maneno yangu anayoyaleta hapa."

"Maneno yako? Mwana weye, tangu aje hajakutaja ila kwa dua. Aja kuswali. Kwako ataswali wapi? Akikabili kibla, akukabili weye na joho lako, weye na keki yako. Chumbani mwake namo umemtundikia harusi. Nimemwambia akwambie, hataki. Asema mwenye nyumba keshapamba, mgeni hapangui."

Niliona haya, mwanangu. Masheikh wana maneno yao juu ya picha, na mimi si sheikh. Sisi wenyewe tulikuwa tukitandika mswala popote, picha zikatukodolea macho, tusijali. Lakini yeye alilelewa kuswali mbele ya ukuta usio na uso wa mtu, na katika nyumba ya mwanawe wa kumzaa hakuupata. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami nilikuwa sijauliza hata mara moja.

Alipomaliza kuswali akatoka, akaniona, akajua. Akavaa viatu vyake, tukaondoka. Tukiwa njiani ndipo nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia ungezitoa," akasema. "Ungezitoa kwa kunichelea. Kisha kila ukiuona ukuta mtupu, ungenichukia mie. Nami n'shakuwa mke wa mwana wa watu, nayajua."

Tulipofika nyumbani nikapanda kiti, nikaanza kumshusha baba. Kwa hasira ya kujichukia nilitaka kuzitia zote kabatini. Akanizuia. "Babaako hatiwi kabatini," akasema. "Mtafutie pahala."

Pahala palikuwapo, ule ukumbi mwembamba wa kuingilia, tuliouachia viatu na ndoo. Tukauondoa uchafu. Yeye ananipa fremu, mimi napigilia, na kwa kila moja anauliza, huyu nani, na huyu? Nikamweleza baba yangu alivyokuwa, alivyougua, alivyokuwa akinisuka nywele kombokombo mama yangu akiwa shamba. Nikalia. Naye akamlilia mumewe. Picha ile ya baba ilikaa ukutani muda wote huo na sikuwahi kumsimulia mtu habari zake, kwani niliitundika nisifiwe mimi. Salimu aliporudi alitukuta tumekaa sakafuni, macho mekundu, akaninong'oneza kwamba nafasi kwenye boti imepatikana. Nikamwambia boti iende zake.

Ukuta wa kibla tuliuacha mtupu, na chini yake tukatandika mkeka aliousuka mama. Wageni waliniuliza kama nimeishiwa picha, nikawajibu nimeongezewa mama. Aliishi nasi hadi mwisho wake. Siku alipozidiwa, mwanawe yuko pale, binti zake wamekuja kutoka Pemba wako pale, lakini aliyemwita ni mimi. Alitaka nimgeuze aelekee ukuta ule wa kibla. Nikamgeuza.

Basi pamba, mwanangu, pamba usiogope. Lakini kabla hujapigilia msumari waulize wanaolala humo, na wale watakaokuja kulala. Mwislamu atakuonyesha kibla chake, jirani yetu Mlutheri wa Maramba atakuonyesha pembe yake ya msalaba, na mtoto naye ana mchoro wake na pale anapoutaka. Usiseme nyumba ni yako kwa kuwa nyundo iko mkononi mwako. Picha ukishaitundika, isimulie, usingoje kuulizwa. Mzee akinyamaza, usimtungie maneno ya kumjaza kinywani. Kaa naye umuulize, na jibu likichelewa, ngoja. Na kama kuna ukuta mmoja unaoweza kuuacha wazi, uache, yuko atakayeuhitaji.

Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yako watu kabla ya vitu, aibariki mikono yako na kila inachokishona. Akupe umri mrefu, na siku yako ikifika, akuwekee karibu mtu wa kukugeuza.