Saa ya Baba Iliyokuwa Nyuma

Juzi televisheni ilionyesha jinsi mabaharia wa zamani walivyobeba saa iliyofuata majira ya bandari waliyotoka, ili wajue wamefika mbali kiasi gani na kwao. Nikamkumbuka baba.

Tulikuwa tunaanika kahawa kijijini kwetu Kaisho, harufu ya maganda imetujaa mikononi. Redio ya jirani ilitangaza saa kumi. Saa ya mkononi ya baba ilisema tisa.

“Baba, saa yako iko nyuma.”

“Haiko nyuma, mwanangu. Hii ni saa ya nyumbani.”

Nikaingia ndani kuitafuta hiyo ya nyumbani ukutani. Hapakuwa na saa.

Kumbe nyumbani kwake kulikuwa Rwanda, ng'ambo ya mto wa mpakani, ambako saa ziko nyuma ya zetu. Saa moja tu ilimtenga na kwao. Alipofariki tulimzika huku huku, migombani.